Mguu Kwenye Kalvati Namba Kumi na Nne

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako: je, limekubali kukunjika, au bado unashuka kitandani kwa awamu? Na kifua cha Mama kimepoa? Mwambie lile shuka alilolidarizi ndilo tunalolalia, na nimekataa katakata mtu mwingine alifue.

Sisi huku wazima, tena mimi ni zaidi ya mzima. Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu nifunge ndoa, na bado nikisikia funguo za mume wangu mlangoni moyo unanienda mbio kana kwamba nimemkosa miaka. Ananichana nywele, Baba! Fundi umeme mzima, mikono iliyozoea nyaya, anakaa nyuma yangu na kitana, ananipangia mistari. Wifi yangu anasema tumezidi, eti tutawatia watu kisukari. Mwache aseme.

Lakini barua hii haikuletwa na furaha peke yake. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumapili, nami nataka nikuombe radhi. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Hapa ukweni wana desturi yao. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi familia nzima hupanda baiskeli na kuingia msituni kwa njia ya reli ya zamani, ile iliyong'olewa vyuma. Baba mkwe, daktari wa meno, hutangulia akipiga kengele hata kama hakuna mtu mbele. Mama mkwe, mwalimu mkuu, hufuata akituhesabu kama wanafunzi. Mimi nilipewa baiskeli ya milimani yenye matairi mapana na gia ishirini na moja, nikatumia moja tu. Wifi akanibatiza Breki, kwa kuwa nilikuwa nafunga breki hata nikiona kipepeo. Mume wangu akamwambia kwamba ameoa breki makusudi, maisha yake yalikuwa yanakwenda kasi mno. Nilitamani nimbusu hapo hapo, ila ningeanguka.

Miti imekutana juu ya njia, na chini ya majani makavu kokoto bado zipo. Baba mkwe alinituliza kwamba sitachoka, njia haina kilima, kwani treni haipandi vilima. Nikaitikia. Sikumwambia kwamba kilima hakijiondoi chenyewe, kuna watu walikitoa kwa sururu.

Baada ya kilomita tisa tulisimama kwenye kalvati, kile kidaraja cha kupitishia maji, tukanywa chai ya chupa. Kwenye zege pameandikwa namba kumi na nne. Pembeni ya namba kuna unyayo wa mguu wa mtoto mdogo.

Unaujua, Baba. Ulinisimulia kila uliponiosha miguu: kwamba gengi lenu la vibarua wa reli likimaliza kazi kila mtu aliacha alama yake, huyu nyota, yule nyundo, na wewe ukakimbia kambini ukanibeba, ukaukanyagisha mguu wangu kwenye zege bichi na kuufunika kwa gunia mnyapara asiuone. Tulihama pale nikiwa sijajua kuongea sawasawa, kwa hiyo sikujua ni msitu huu. Lakini kidole cha mwisho kimepanda mgongoni mwa jirani yake, kama kilivyo leo.

Familia hii imeubishania mguu huo miaka. Wifi husema ni wa jini. Baba mkwe anashikilia ni wa mtoto wa injinia, kwa kuwa kibarua wa gengi, alisema, hakuwa na nafasi ya kucheza na mtoto. Mama mkwe akanigeukia, akaniambia nikuulize wewe, kwani wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wa reli. Wakacheka kwa upendo tu. Nami nikacheka nao. Nilicheka, Baba.

Kisha ikafika zamu yangu. Kila anayeingia katika familia huvua kiatu na kulinganisha mguu wake na ule, ndipo ahesabiwe mwenyeji. Nikasema nina lengelenge, kiatu hakivuliki. Wifi akapiga kelele kwamba Breki imekamata mpaka viatuni. Mume wangu hakucheka. Yeye anakijua kidole changu, hukiita abiria kwa sababu kinabebwa na mwenzake. Aliutazama ule mguu, akatazama kiatu changu, halafu akaanza kukusanya vikombe. Tulipofika nyumbani aliniuliza mara moja tu kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikasema hakuna. Akanipaka dawa kwenye goti nililochubua kwa kuanguka njiani. Bora angenigombeza.

Sasa lile la kooni. Siku niliyokuja kutambulishwa, mama mkwe aliniuliza baba yangu alifanya kazi gani. Nikasema ya reli. Akauliza kitengo gani. Nikaviona vile vyeti vyao vilivyojaa ukutani, na mdomo wangu ukasema ulikuwa stesheni masta. Ndiyo maana nilikuomba usizungumzie kazi siku ya harusi, nikisingizia kwamba watu wa huku hawapendi. Ndiyo maana baba mkwe alikuuliza treni zilikuwa ngapi kwa siku, ukamjibu kwamba zilikuwa zinatosha. Na ndiyo maana alikuita Masta tangu asubuhi mpaka mnaagana. Mama ameniambia umewasimulia majirani wote jinsi mkwe mwenzako msomi alivyokuheshimu. Nisamehe, Baba. Alikuwa anamsalimia mtu niliyemtunga mimi. Wewe mwenyewe ulikaa pale, mikono juu ya mapaja, na hakuna aliyekuamkia.

Leo asubuhi nimemwambia mume wangu yote. Alikaa na kitana mkononi, akasema alijua tangu kwenye kalvati, alikuwa ananisubiri. Akasema njia ile ndiyo aliyojifunzia baiskeli akiwa mtoto, na siku ya harusi aliyeitengeneza alikaa meza moja naye, asipate kumshukuru.

Mwezi ujao nitavua kiatu mbele yao na kuwaambia mguu ni wa nani, na aliyeuweka ni nani. Sijui watanitazamaje. Gari hufika mpaka kwenye kalvati, na mume wangu yuko tayari kukufuata. Sikulazimishi, sina uso huo. Usipokuja nitawaambia vilevile. Ila ukija, safari hii zungumza kazi mpaka chai ipoe.

Mama mwambie nampenda. Mkweo anakuamkia kwa jina lako, na goti nalo tunaliombea.

Ni mimi binti yako,
mwenye mguu wa namba kumi na nne.