Wanawake wa Tibet Wanataka Ushuhuda Wangu, na Mimi Sijanyang'anywa Kitu

Shangazi Goretti mpendwa,

Shikamoo. Nimekwama, naomba unikwamue kabla ya tarehe 12 Machi, na naomba sana usitaje jina langu kwa sababu hapa Minnesota Waswahili tunajuana hadi namba za magari, na mimi ni mtu ninayeheshimika, ni mwenyekiti wa Kamati ya Utamaduni ya chama chetu cha Watanzania kwa mwaka wa nne mfululizo, ndiye ninayechagua kitenge cha sare ya tisa Desemba, ndiye ninayehakikisha mtori umepatikana hata ndizi zikiadimika, na hakuna aliyewahi kunilalamikia isipokuwa mwaka ule kitenge kilipochuja.

Mimi ni mzaliwa wa Kilema, Kilimanjaro, nina miaka kumi na tisa hapa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Eagan, na mwenzangu wa zamu anaitwa Yangzom, Mtibeti, mpole, mchapakazi, tunageuza wazee pamoja na kula pamoja, na ndiye kiongozi wa umoja wa wanawake wa Tibet pale Saint Paul. Hawa wanawake, Shangazi, hawana mchezo. Wengi walizaliwa ukimbizini India, nchi yao wenyewe hawajawahi kuikanyaga, lakini kila tarehe 12 Machi wanasimama kwenye ngazi za Bunge la jimbo, theluji juu na barafu chini, kuwakumbuka wanawake waliojitokeza kwa maelfu mjini Lhasa mwaka 1959 kuwapinga Wachina, wanadai haki za binadamu hadi sauti zinakauka, na kesho yake alfajiri wako kazini wanapima watu presha. Halafu kila Jumatano wana kitu wanakiita Jumatano Nyeupe, siku hiyo wanavaa magauni yao marefu, wanakula chakula cha kwao, na nyumbani mtoto haruhusiwi neno hata moja la Kiingereza, akitaka chumvi aiombe kwa Kitibeti au ale hivyo hivyo.

Sasa binti yangu Haika ana miaka kumi na sita na ni rafiki wa binti wa Yangzom, na Jumatano nikipiga dabo, zamu mbili mfululizo, nilikuwa namwacha kwao, nikiona nimepata yaya wa bure, sikujua kumbe naandaa moto wangu mwenyewe.

Balaa lilianza siku niliyomwita, "Haika!" akajibu, "La." Nikadhani masikio yangu yamechoka. "Haika, njoo uoshe vyombo!" "La!" Tena kwa adabu kabisa, kainamisha kichwa, anatabasamu. Shangazi, mimi nimelelewa na mama ambaye ukimwitikia "nini" badala ya "abee" unalala na alama. Nilimnyang'anya simu wiki mbili. Alilia, akajieleza kwa Kiingereza chake, nikamwambia Kiingereza hakifuti "la". Kisha nikaenda kumshitaki kwa Yangzom, na Yangzom akacheka hadi akakaa kwenye kitanda cha mzee wa watu, akaniambia kwao "la" ni heshima, ukiitwa na mkubwa unaitika "la", ndiyo abee yao, na jina la mtu unayemheshimu unalimalizia na "la", ndiyo maana miaka yote hii ananiita "Imaculata-la", na mimi miaka yote hii nilidhani kuna kitu ananikataza.

Hapo tungecheka yangeisha. Lakini Yangzom akaacha kucheka, akaniuliza, "Sasa Haika alishindwaje kujua kwamba 'la' kwenu ni hapana? Hajui lugha yako?" Nikashikwa na aibu, Shangazi, aibu ya kweli, mdomo ukafunguka wenyewe nikasema, "Hatukuruhusiwa kuongea lugha yetu na watoto." Nilitaka kuongeza kwamba aliyetukataza ni mimi, lakini kengele ya chumba namba tisa ikalia na Yangzom alikuwa ameshanishika mikono yote miwili, macho yamejaa machozi.

Ukweli ni kwamba Haika alipozaliwa tulikuwa tunakaa Champlin, tukiwa Waafrika peke yetu mtaa mzima, na nilitaka mwanangu aongee kama waliozaliwa hapa, basi nikapiga marufuku Kiswahili ndani ya nyumba, Kichagga usiseme. Mama yangu alikuja kututembelea Haika akiwa na miaka mitano, akawa anamwimbia na kumsimulia vitu vya Kilema, nikamwambia, "Mama, utamchanganya mtoto." Tangu siku ile mama na mjukuu wake wakawa wanakaa sebuleni kama watu wawili wanaosubiri kuitwa na daktari. Mama aliondoka wiki mbili kabla ya tarehe ya tiketi yake. Hadi leo akipiga simu mimi ndiye mkalimani wao.

Kumbe Yangzom alilipeleka jambo langu kwenye kikao. Jumapili moja wakaja akina mama watatu hapa Eagan na chupa ya chai ya siagi na chumvi, mmoja ana miaka themanini, wakanivisha shingoni kitambaa cheupe cha hariri, na yule bibi akanieleza habari za mjukuu wa dada yake, huko kwao Tibet, aliyepelekwa shule ya bweni akiwa na miaka mitano, sasa akirudi likizo anaongea na bibi yake Kichina tu na bibi haelewi kitu. Akaniambia, "Wewe na dada yangu mnalia kilio kimoja." Nikalia kweli, wakadhani nalia kwa sababu ile wanayoidhani. Sasa wameniweka kwenye ratiba ya tarehe 12, baada ya sala, dakika tano: Mama kutoka Tanzania aliyekatazwa lugha yake. Haika amechora bango, ameandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa: RUDISHENI LUGHA YA MAMA YANGU. Kila siku ananiuliza ni serikali gani ilinifanyia hivi, na akiuliza macho yake yanawaka, na hajawahi kunipenda kama anavyonipenda wiki hizi.

Na Keziah, Mkenya tunayefanya naye kazi, kanipigia: "Wee, Mama Haika! Nimeona jina lako kwa poster. Nisha-request off, tunakuja na wamama wote wa church. Lakini si wewe ulituambia huyo msichana wako anaongea Swahili fiti?" Nikamshirikisha mume wangu Valerian, akasema jambo dogo, sema ni mkoloni, hayupo kujitetea.

Shangazi, niseme ni Mjerumani au Mwingereza? Au siku hiyo niumwe?

Wako, mwenyekiti aliyekosa pa kuficha uso, Eagan.

*

Mama Haika, marahaba.

Majina yenu nimeyabadilisha. Cheo nimekiacha, maana bila cheo barua yako haina utamu, na wenzako wakikutambua watakuwa wamekutambua kwa kile kitenge.

Kwanza pole, na pole yangu si ya mdomoni. Najua miaka ile. Bila shaka ulipiga simu ofisini ukaambiwa "rudia tena" mara tatu, ukaapa mwanao hataambiwa hivyo na mtu yeyote. Hukufanya kwa ubaya, ulifanya kwa woga, na woga ule wengi wetu tulikuwa nao. Nami nina mjukuu hapa Minneapolis ninayemsalimia kwa kumpungia mkono, kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mlima.

Pole imeisha. Sasa nisikilize.

Ulimwadhibu mtoto kwa neno la lugha uliyomnyima. Ulimhukumu kwa sheria usiyomsomea, na hata baada ya kujua, kwenye barua yako ndefu hivi sijaona mahali ulipomwomba radhi. Umemkasirikia anapokuitikia kwa heshima, kwa sababu heshima aliyoipata ameiokota kwa jirani. Angeiokota wapi, kwako? Kwako heshima hufunguliwa tarehe tisa Desemba, saa nane mchana, ikafungwa saa kumi na mbili pamoja na masufuria ya mtori.

Unaniuliza Mjerumani au Mwingereza. Wote wawili wana dhambi zao, ni nyingi, na hazihitaji kuongezewa ya kwako. Mjerumani alikuja akaondoka, Mwingereza akaja akaondoka, na mama yako akabaki Kilema anaongea Kichagga nyumbani na Kiswahili sokoni kama kawaida. Lililowashinda wakoloni wawili limewezwa na mwenyekiti wa utamaduni, kwa sauti ya upole, sebuleni Champlin.

Na yule bibi wa miaka themanini aliyekuja hadi kwako na chai yake, umemsikia kweli? Dada yake anamlilia mtoto aliyechukuliwa na dola, hana mlango wa kugonga wala ofisi ya kumsikiliza. Wewe mama yako alipanda ndege tatu, na miguu ile ya wakulima iliyovimba, kumletea mjukuu wake lugha hadi mlangoni, ukamwambia anyamaze. Hicho si kilio kimoja, Mama Haika. Wale wanawake wanaposimama kwenye barafu, neno lao ndiyo mali pekee waliyonayo: wakisema tumekatazwa, wamekatazwa kweli. Siku mtu mmoja kwenye ngazi ile atakapogundulika kuwa alijikataza mwenyewe kwa hiari, watu wasiowapenda watauliza, "Na wengine je?" Dhuluma si kitenge, kwamba kila mwanamke akate mita zake ajishonee.

Kwa hiyo kuumwa, hapana. Mjerumani, hapana. Valerian mwambie akishindwa kukushauri akae kimya, na akimaliza kukaa kimya aanze kuongea Kiswahili na mwanawe, maana hata yeye hakufungwa mdomo na mtu.

Wiki hii hii, kabla ya zamu, mtafute Yangzom. Usimtumie ujumbe wa simu, mtazame usoni. Mwambie, "Nilisema hatukuruhusiwa. Aliyekataza ni mimi." Atacheka au atakasirika. Akikasirika vumilia, ana haki. Mrudishie zile dakika tano, ampe mwenye kesi. Kitambaa akikuachia kitunze, na nakuonya mapema, usikitandike kwenye mgongo wa kochi.

Tarehe 12 nenda. Wale akina mama wanahitaji watu wa kujaza ngazi, na Keziah na kanisa lake lote waje pia, wakiwa na makoti mazito na midomo iliyopumzika. Simama nyuma, shika chupa ya chai, mimina. Wakitaja majina ya wafungwa wao, sikiliza majina hadi mwisho. Ukitaka kusaidia zaidi, muulize Yangzom barua za kwa wabunge zinaandikwa lini, ukaandike. Hiyo ndiyo kazi ya mgeni kwenye msiba wa mwenzake, na wewe Mchagga hufundishwi kwenda msibani.

Uenyekiti usijiuzulu. Atakayekurithi naye wanawe hawajui Kiswahili, sote tunajua, tumewasikia kwenye foleni ya mtori wakiomba kijiko kwa Kiingereza. Ila mkutano ujao, kabla hamjafika kwenye kitenge, simama useme ukweli wa nyumba yako, halafu uombe kila mjumbe aseme wa nyumba yake. Pengine hapo ndipo kamati itakapopata kazi ya kufanya.

Kwa Haika hakuna njia ya mkato. Mwambie kabla hajalibeba lile bango. Mwombe radhi kwa simu ya wiki mbili, na usiniambie mzazi haombi radhi. Atakuuliza kwa nini, na jibu lako litamuumiza, na ule upendo wa wiki hizi utapungua, nakwambia wazi, kwa sababu alikuwa anampenda mwanamke aliyeonewa na sasa atakutana na wewe. Mpe muda. Anza naye kidogo kidogo, mezani, na vitu vilivyopo mezani. Mwambie hata jina lake lina maana, kwamba kwa Kichagga anaitwa Asante. Naweka shilingi yangu kwamba hajui.

Mwisho, mpigie mama yako. Safari hii usitafsiri. Mfundishe Haika salamu moja tu, shikamoo bibi, mpe simu, wewe toka chumbani ufunge mlango. Baada ya marahaba kutakuwa na kimya kirefu. Utatamani kuingia uwasaidie. Usiingie. Kaa pale koridoni ukisikilize, kwa sababu kile kimya ni kazi ya mikono yako, na wa kukivunja ni wao wawili.