Chumba cha Vioo chenye Paa Lake

Mama,

Nilikupoteza Jumatano ya pili ya mwezi wa nne, saa nne asubuhi, kwenye wodi ya wanawake, siku kumi na tisa baada ya wewe kuondoka nyumbani kwangu ukiwa umelowa chapachapa. Umri wako hakuna aliyeujua sawasawa. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nawe miaka thelathini na minne, na sasa sinawe.

Najua kusoma hukujua. Barua zako zote nilikusomea mimi. Hii naiandika kwa Kiswahili cha dukani kwa sababu ndicho nilichojifunza kuandikia. Kwa lugha yetu ya kule Kisoko nimelia tu, na kulia hakujanipa jibu. Maana nina swali, Mama, na nina hasira nawe.

Kwanza habari za nyumbani. Binti yetu Nekesa amepanda darasa, sasa ana miaka kumi na miwili na anabishana kama wewe. Nimenunua cherehani ya tatu ya dukani. Mume wangu Wandera hajambo, ila nyumba imemkaa vibaya. Unakumbuka alivyokuwa akisikia sauti yako barabarani: kofia mkononi, anatokea mlango wa nyuma, anapita katikati ya mihogo ya jirani ameinama kama mwizi wa kuku, na nyumba ni yake. Mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, wala mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta, kwetu na kwao. Wewe ulikuwa unacheka: "Mwambie mkwe wangu nimemwona kisogo, kinapendeza." Naye jioni ananiuliza dirishani, "Mama ameondoka? Niruhusiwe kuingia kwangu?" Siku hizi anaingia anapotaka. Juzi nilimkuta amesimama mlango wa nyuma, kofia mkononi, hajui anakwenda wapi.

Ulikuwa unashuka kwenye basi saa nne, unakaa jikoni kwangu kule uani, na saa tisa unapanda basi la kurudi. Ni muda wa saa tano. Mara mbili kwa mwezi. Mimi nikaona zinatosha, maana hata siku za kawaida sikai na wanangu saa tano mfululizo, nina duka.

Mwezi ule wa Uhuru ndipo ulipoanza habari ya chumba. Ulikuwa umefua nguo miaka sita nyumbani kwa injinia mmoja pale Tororo, na ubavuni mwa nyumba yake kulikuwa na chumba cha vioo walimootesha maua. Ukaniambia, "Athieno, nijengee kile." Nikacheka. Nikakuuliza kama sasa unataka kufuga maua. Ukasema hapana, utaanika wimbi la uji mvua ikinyesha.

Nikachukua utepe wangu, huo huo wa kupimia watu viuno, nikapima ubavu wa nyumba upande wa mashariki. Futi kumi kwa nane. Kiwanja chetu unakijua kilivyo chembamba, kibanda cha kusimama peke yake hakiingii. Vioo thelathini na sita, saruji mifuko saba, mbao, misumari, mkono wa fundi. Jumla yake karibu cherehani mbili na nusu. Hapo bado hujaongeza masharti yako. Ukataka kiwe na paa lake, lisigusane na mabati yetu. Ukataka mlango wake utazame kwenye mihogo, na kusiwe na mlango wa kuingilia ndani kwetu. Nikakwambia, "Mama, chumba kisichoingilika kutoka nyumbani ni cha nani? Cha mbuzi?" Ukasema, "Basi nijengee cha mbuzi, lakini kiwe na vioo."

Nikakupa sababu zangu. Saa nane mchana mtu ataiva humo kama muhogo chini ya majivu. Mvua ya mawe ya huku haichagui, mwaka mmoja tu tutahesabu vipande. Watoto wana mpira. Na jua liko nje, la bure. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukajifunga leso yako, ukaenda kungoja basi. Nami nikarudi dukani nikijiona nimekushinda.

Usiseme sikukujali. Nilikununulia kitanda. Futi tatu na nusu, godoro la pamba, kipo chumba cha wageni mpaka leo, hatua tisa kutoka mlango wa mbele. Nilikwambia ulale, mambo hayo yamepitwa, Uhuru umekuja. Ukanijibu, "Uhuru haukuniondolea mkwe."

Halafu siku ile. Mvua ilianza saa saba, na saa tisa basi halikuja. Saa kumi halikuja. Ukatoka jikoni kwa sababu lilikuwa linavuja, kosa langu hilo nalikubali, ukasimama chini ya upenu, mgongo ukutani, maji ya mabati yakikuangukia miguuni. Watoto walikuwa ndani wamebandika nyuso dirishani wanakutazama. Nilikuvuta mkono. Ulikuwa na nguvu, Mama, sijui ulizitoa wapi. Wandera akatuma neno kutoka kwa jirani kwamba yeye atalala dukani, wewe uingie upate joto. Ukasema, "Akilala dukani, nyumba bado ni yake." Ukaondoka kwa miguu kwenda kwa yule mwanamke wa ukoo wetu karibu na soko, maili mbili. Nilikufuata na mwavuli mpaka kwenye kijito, ukanifukuza. "Rudi, watoto wako peke yao." Hilo ndilo neno la mwisho uliloniambia ukiwa mzima. Hospitalini ulikuwa unakohoa tu.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Siku ya tatu baada ya kukuzika, mimi na Mama Mdogo tulikuwa tunasugua masufuria ya matanga. Akaniambia hivi, bila kuinua macho: "Dada alikuwa anatafuta pa kulala kwako. Paa lake, mlango wake. Jioni awaone watoto kwa kioo wakila, asubuhi awe wa kwanza kuwasalimu. Wewe ukampimia bei."

Mama. Kwa nini hukuniambia?

Mimi ni mtu wa hesabu, unanijua. Nilianza na karai moja la mandazi pale mpakani, na kila nilicho nacho nimekipata kwa kujua kila kitu ni cha kazi gani. Ungesema ni cha kulala, ningekiweka kwenye hesabu kama cha kulala. Wewe ukaniambia wimbi. Wimbi hukaushwa hata juu ya moto. Nilihesabu chumba cha wimbi, nikakikataa, na kwa chumba cha wimbi nilikuwa sawa. Mama Mdogo anasema ni aibu mzazi kuomba malazi kwa binti aliyeolewa. Sawa. Lakini aibu gani hiyo iliyokuruhusu kumwambia yeye, ikakukataza kuniambia mimi uliyenizaa?

Kutoka ombi lako la kwanza hadi siku ile ni miezi thelathini. Mara mbili kwa mwezi. Ni mara sitini ulizoondoka saa tisa. Nimezigawanya, nimezijumlisha upya, hazipungui.

Na sasa nataka kukijenga, na sijui kama ni akili au ni wazimu. Mama Mdogo naye ni mkwe wa Wandera, sheria ni ile ile, naye anapenda watoto hawa. Anasema kikijengwa atakuja kulala. Ila akisema hivyo haniangalii. Nilimuuliza Wandera, akafikiri kutwa nzima, akasema, "Ukuta mmoja ni wangu. Anayeegemea ukuta wangu yuko kwangu. Mama asingelala humo." Mama Mdogo akasema, "Ukuta ni ukuta tu. Tunachokataa ni paa." Wote wawili wana uhakika, wote wawili hawakuwa wewe.

Ukiona swali langu, kama ungelala humo, ni dogo, hujalielewa. Kama Wandera ana haki, basi hata ningekijenga ungesimama mlangoni pake, ungekiangalia, na ungeingia kwenye mvua vile vile. Hapo mimi nilikataa vioo tu, sikukataa kitu kingine. Lakini kama Mama Mdogo ana haki, basi nilikunyima pa kulala kwa bei ya cherehani mbili na nusu, na baadaye nikanunua ya tatu. Siwezi kubeba yote mawili kwa pamoja. Nikishona, mkono unasimama. Wiki hii nimeharibu magauni mawili ya watu.

Chumba cha ukumbusho sijengi. Umenilea vibaya kwa hilo. Chumba kisicholaliwa ni hasara, hata kikiwa kizuri vipi. Lakini ukisema ungelala, nakuahidi: kitakuwa na paa lake, na kati yake na mabati yetu patapita mkono. Mlango utatazama mihogo. Gunia langu la dukani hata moja halitawekwa humo. Mama Mdogo atalala humo kwa sababu nitamwambia ni wewe uliyesema, na lile deni la mara sitini nitalibeba mimi, sitalirudisha kwako tena. Ukisema usingelala, nitampa Nekesa kitanda kile, na nitaacha kukukasirikia.

Kwaheri, Mama. Kaburi lako halijazama, nililikagua Jumapili.

Fundi wa vioo anapanda lori la Jinja kwenda kukata vioo Jumamosi hii saa mbili asubuhi. Kioo kikishakatwa kwa vipimo vyangu hakirudishwi. Leo ni Jumanne. Marehemu wa kwetu huja ndotoni, na nimeambiwa kwa Mama Mdogo umeshakwenda mara mbili mkazungumza habari za kuku. Safari hii njoo kwangu, na usizunguke. Ungelala humo, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya Jumamosi saa mbili.

Athieno