Mwangaza Ulionikataza Kuutazama

Ruiru, kwa tata yako, ghorofa ya nne

Nyambura, wajina wangu,

Miaka mitano! Miaka mitano na bado unaniambia "mwaka ujao, Shosho". Huo mwaka ujao unaishi wapi, niende niushike mkono nikuletee? Guka yako, mume wangu, ulimzika kwa simu. Mtoto wa binamu yako uliyemwacha tumboni, siku hizi anajifunga viatu mwenyewe akienda shule. Mwalimu Njoki, huyu anayeniandikia, anasema barua haianzi hivyo, huanza na salamu. Nimemwambia aandike, salamu zinakuja.

Haya, salamu. Hujambo, mwanangu? Unakula? Sio ile mikate baridi, nauliza chakula. Kifua chako kiko aje na hiyo baridi ya Ujerumani? Yule mkubwa wako wa kazi aliyekuwa anakunyamazia, siku hizi anakusalimia? Mimi nahema. Sukari inapanda, inashuka. Miguu bado inanibeba. Macho ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu sikutaka simu, kwa maana kwenye simu wewe hulia haraka na mimi hudanganya haraka.

Kwanza ujue siko nyumbani. Tangu mavuno ya maharagwe niko hapa Ruiru kwa tata yako Wairimu, dada ya marehemu baba yako. Ngazi ni sitini na mbili, nimezihesabu kwa mguu. Dirisha langu linatazama ukuta wa ploti ya jirani, na kamba ya nguo za watu nisiowajua. Mbuzi wangu wamebaki Gatuanyaga na Mama Kimani wa ng'ambo ya barabara, na najua anawakama bila kuwaongelesha. Tumehama sisi wawili. Wewe ulienda na ndege, mimi nikaja na mkoba wa dawa.

Sasa nikueleze.

Unakumbuka ulipokuwa chuo huko Juja, ukaja nyumbani na ile tochi ndogo kama kalamu, ya mwangaza mwekundu? Uliichezesha ukutani, paka akairukia mpaka akaangusha sufuria ya uji, guka yako akacheka akashika mbavu. Mimi nikainama nione hiyo nukta inatoka wapi. Ukapiga kelele nikashtuka: "Shosho, usiangalie ndani! Hii ni leza. Inachoma jicho, na jicho likichomwa halirudi." Ukanishika uso kwa mikono miwili, ukaniapisha. Nikaapa.

Nyambura, mimi sikusoma. Ukisema jambo kuhusu mwangaza, kwangu limeandikwa. Nilitangaza hayo maneno Gatuanyaga yote. Jumapili moja nilimnyang'anya mtoto wa mzee wa kanisa tochi kama hiyo, mama yake akaninunia wiki tatu.

Basi mwaka jana jicho la kushoto likaanza kuniletea vitu vyeusi, kama masizi yanayoelea. Nikaenda kliniki ya macho Thika. Daktari, kijana mpole, alitazama akasema sukari imeharibu mishipa ya nyuma ya jicho, inavuja, na inafaa aichome kwa leza mapema.

Nikasimama. "Ati uichome na nini?"

"Leza, Shosho. Ni mwangaza tu. Dakika chache."

"Mwangaza tu! Mjukuu wangu ndiye hutengeneza hizo leza zenu huko Ujerumani, na amenikataza."

"Mjukuu wako ni daktari wa macho?"

"Ni daktari wa mwangaza wenyewe. Wewe umesomea jicho peke yake."

Benchi lote likacheka. Mzee mmoja wa Ngoliba akaniambia, "Mama, keti uhudumiwe." Nikamwambia aketi yeye na jicho lake. Nikafunga kitambaa changu nikatoka. Yule kijana alinifuata mpaka langoni. "Basi mpigie huyo mjukuu wako simu, umuulize," akasema. Hakukosea hata kidogo, nataka ujue hivyo.

Nilikusudia kukuuliza. Ukapiga simu Krismasi. Ulikuwa na furaha, sijawahi kukusikia hivyo. Ukaniambia mmetengeneza uzi wa kioo wa kupitishia simu na barua za watu, wenye shimo katikati. Nikasema, kama bua la jani la papai? Ukasema ndiyo hasa, Shosho, kama lile tulilokuwa tunapuliza filimbi. Ati zamani mwangaza ulipita ndani ya kioo chenyewe ukichelewa, na sasa unakimbia kwa hewa tupu iliyo katikati, unafika upesi na hauchoki njiani. Ukaniambia pia wenzako wa chumba cha pili wanatafuta mwangaza wa kusoma sukari kupitia ngozi, bila sindano. "Ngoja kidogo tu, Shosho, hutadungwa kidole tena." Halafu ukauliza, "Na macho?"

Nikasema, "Yako sawa."

Ulikuwa unacheka, ningewezaje? Na jibu lako si nilikuwa nalo tayari, si ulikuwa umeniapisha? Hukuuliza mara ya pili, na mimi sikusema.

Asubuhi moja nikichambua maharagwe uani, pazia jekundu likashuka kwa jicho la kushoto. Hakukuwa na maumivu. Ilikuwa kama mtu amemwaga chai ya rangi kwa kioo cha dirisha. Nikafunga, nikafungua. Maharagwe ya upande wa kushoto hayakuwapo tena. Tata yako alikuja siku hiyo hiyo akanichukua.

Daktari wa hapa Ruiru ni mama wa makamo. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia bila kuzunguka, na nilimpenda kwa hilo. La kushoto limekwenda. La kulia lina ugonjwa ule ule, ila linaweza kushikiliwa, na cha kulishikilia ni leza. Nikamweleza tochi yako na kiapo changu. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Alikuambia ukweli," akasema. "Alikuwa anaogopa tochi iliyo mkononi mwa mtu asiyejua anachoma wapi. Mimi najua nachoma wapi. Na angekuwa hapa leo, yeye mwenyewe angekushika kichwa."

Woi, Nyambura. Jicho sikuwa nimelililia. Hilo la kushikwa kichwa ndilo lililonivunja.

Nikawekwa kidevu kwenye chuma, kioo juu ya jicho. Mwangaza wenyewe ni wa kijani. Tap, tap, tap, nukta baada ya nukta, kwa mistari, kama mtu anayepanda maharagwe akiacha katikati ya shamba wazi. Nilihesabu mpaka mia mbili nikapotea. Machozi yakaanza tena. Daktari akasema, "Nyanya, usilie, jicho linatingishika." Basi nikayameza. Nikajiambia hiyo mikono ni yako. Nilipotoka kila kitu kilikuwa zambarau, hata uso wa tata yako. Baadaye rangi zikarudi, lakini kingo za vitu hazikurudi zote.

Nimefanyiwa mara mbili, imebaki mara moja. Daktari hakuniahidi kitu. Anasema tunashikilia kilichobaki, na hajui kitakaa kwa muda gani.

Tata yako alitaka kukupigia tangu siku ya kwanza. Ni mimi niliyemkataza, usimgombeze. Sasa Mwalimu ameacha kuandika anatazama dirishani. Mwalimu, andika. Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Ulinikataza kutazama, ukaenda zako. Hukubaki karibu uniambie ni lini ninaweza. Hiyo ndiyo hasira yangu yote, nimeitoa. Na mimi nilikuwa na mdomo, nikaufunga. Kwa hivyo hilo jicho tuligawe katikati, nusu yako, nusu yangu, na usije ukachukua nusu yangu ukaenda kuililia huko kwenye baridi peke yako.

Kazi usiache. Nikisikia umeiacha kwa sababu yangu nitakuja huko na miguu hii hii. Malizia uzi wako wa papai. Na hao wenzako wa sukari waambie waharakishe kidogo, vidole vyangu vimekuwa kama chujio.

Lakini njoo. Nimeanza kusahau kovu la nyusi yako liko upande gani. Kwenye simu uso wako ni mdogo kama kifuniko cha soda, na unatetemeka. Kila asubuhi kabla ya chai nasimama dirishani nahesabu vibanio kwenye ile kamba ya nguo ya jirani. Mwezi uliopita vilikuwa kumi na moja. Jana nimeona saba. Tata yako anasema labda wameviondoa. Labda.

Mwalimu ataipiga barua hii picha aitume, ati itapita kwa hizo nyuzi za kioo ikufikie kabla chai yangu haijapoa. Kumbe mwangaza unaijua njia ya kuja Ruiru.

Tata yako anakusalimia, anakaanga chapati akijifanya hasikii tunachoandika. Mama Kimani wa mbuzi anakusalimia. Mchungaji wetu anakutaja kila Jumapili, na huwa nakohoa akisahau. Binamu yako Kamau, fundi wa pikipiki, anauliza kama huko mnapanda magari ama mnapanda mwangaza. Nisalimie yule mama mwenye nyumba wako, anayekupa supu ukiugua. Mwambie Mungu amemwona.

Ni mimi Shosho wako, Nyambura mkubwa. Kidole gumba changu hiki hapa, kwa wino wa Mwalimu.

Ngoja, Mwalimu, usiikunje. Ongeza hii.

Ukija, njoo mchana. Usinisalimie kutoka kushoto, huko hakuna mtu. Zunguka kulia, uketi kwenye stuli pale mlangoni penye mwangaza, uvue miwani na kofia, na usiongee mpaka niseme nimeshiba.