Vidonge vya Mwali

Jumatatu, 2 Juni

Sketi saba za shule tangu asubuhi. Sindano imevunjika mara mbili. Mchana Mjomba Saidi kapita hapa kibarazani ninaposhonea, Mwembesongo mjini, katoka Kinole na ndizi zake za sokoni. Kanipa salamu za Bibi na utepe wa kanga wenye mafundo mawili: kifua na kiuno cha mdogo wangu Mwajuma. Mwali hatoki nje, kwa hiyo vipimo vya gauni lake la ngoma ndivyo vinavyoshuka mlimani namna hiyo.

Kiuno inchi ishirini na tatu. Msichana wa miaka kumi na saba.

Bibi anasema huyu chakula hakimkai. Mwezi wa pili yuko ndani, analishwa, hanenepi. Ngoma ni mwisho wa Julai. Mwali akitoka kakonda, aibu ni ya nyumba nzima.

Jumatano, 4 Juni

Nakumbuka ngoma yangu. Mwali hubebwa mabegani ili uwanja wote umwone. Aliyenibeba mimi akasema kwa sauti, "Mbona nimebeba ungo mtupu?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Leo nina miaka ishirini na sita, na bado kuna watu Kinole wananiita Ungo. Wazee wenye mvi zao.

Na Mama alipokonda, walisema ni ule ugonjwa. Ilikuwa saratani ya tumbo. Tulizika, na hakuna aliyerudi kuomba radhi.

Mwajuma ana umbo la Mama. Nawajua watakavyosema.

Ijumaa, 6 Juni

Nimenunua. Yule mama anayepitisha vipodozi mtaani ana vidonge vya kunenepa, vidogo, vyeupe, kwenye mfuko wa nailoni usio na jina. Viwili asubuhi, viwili jioni, na ale ashibe. Mteja wangu mmoja alivitumia kabla ya sendofu yake ya kuagwa kwenda kuolewa, mpaka gauni nikalipanua mara mbili. Nilimwona kwa macho yangu.

Sikuuliza ni dawa gani. Niliuliza vinachukua siku ngapi.

Jumapili, 8 Juni

Nimepanda Kinole kwa bodaboda. Kwa Mwajuma wanaingia wanawake waliokwisha kuchezwa ngoma tu, kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Chumba kina giza na harufu ya moshi. Kakaa mkekani, shingo kama ya kuku. Nikampa mfuko na maelekezo. Akauliza kama vinauma. Nikamwambia havina neno. Akaanza palepale.

Bibi hajui. Kungwi hajui.

Jumapili, 29 Juni

Vimefanya kazi! Mashavu yamejaa. Kungwi anasema mtoto anamaliza bakuli la ugali na kisamvu, kisha anaomba ndizi. Bibi anajisifia mapishi yake kwa majirani. Nimecheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Nimeacha mfuko mwingine.

Jumapili, 13 Julai

Uso wa Mwajuma umekuwa duara. Chunusi kifuani. Nilipompima gauni nikaona michirizi tumboni, myekundu, mipana, kama mtu aliyechapwa. Anasema halali, moyo unamwenda mbio, lakini njaa ndiyo haimwishi. Kwa kiuno kile, miguu nayo ingekuwa minene. Yake imebaki vijiti.

Nikamwambia zimebaki wiki mbili. Nikamfunika kanga.

Niliogopa. Naandika hapa kwamba niliogopa na bado nikaacha mfuko wa tatu.

Jumamosi, 26 Julai

Ngoma tangu alfajiri. Mwajuma katolewa kapakwa mafuta, shanga shingoni, gauni la njano nililolipanua tena jana. Mbebaji alipomwinua akayumba, ikabidi wa pili aje kumshika. "Mzito huyu! Huyu kalelewa!" Vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde. Bibi alicheza na fimbo yake juu. Watu walimtuza Mwajuma mpaka noti zikawa zinamdondoka kichwani.

Nililia kwa furaha. Hakuna aliyeniita Ungo leo.

Jioni nikachukua vidonge vilivyobaki. Kazi imekwisha, nikamwambia, usimeze tena hata kimoja. Nilijiona nina busara.

Jumatano, 30 Julai

Bibi kapiga simu. Mwajuma anatapika tangu jana, hasimami. Anasema ni uchovu wa ngoma. Nikasema ndiyo, ni uchovu.

Nimekosea kukata vitambaa viwili vya watu.

Alhamisi, 31 Julai

Sasa Kinole nzima ina jibu: mimba. Mwali anatapika siku tatu baada ya ngoma, ni nini kingine? Kungwi kaitwa ajieleze ni mwanamume gani aliyeingia kwenye nyumba ya mwali. Mama wa watu analia, anaapa. Mjomba Saidi kanipigia akiwa na hasira, kaniuliza kama mdogo wangu alikuwa na mtu hapa mjini kabla hajawekwa ndani.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema sijui.

Mimi ni mwoga. Hakuna neno jingine.

Ijumaa, 1 Agosti

Nesi wa zahanati kampima. Hana mimba. Hana malaria. Kasema apelekwe mjini. Bibi amekataa: hospitali haitibu kijicho, na siku ya ngoma kila jicho lilikuwa juu ya mtoto wake. Kesho wanampeleka kwa mganga, mlima wa pili. Mjomba ndiye aliyenieleza, na akaongeza kwamba Mwajuma leo kazimia mara mbili.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Na huyu anayeficha si mgonjwa, ni mimi, na atakayekufa si mimi.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika hospitalini, kwenye benchi.

Nilifika Kinole wakiwa wanamvisha waende kwa mganga. Mdomo umekauka, macho yamerudi ndani, mashavu bado mviringo. Uso wa mtu aliyeshiba kwenye mwili unaokufa. Nilipiga magoti mbele ya Bibi, nikaweka mfuko wa vidonge mkekani. Nikasema yote. Kungwi alikuwepo. Mjomba alikuwepo.

Bibi hakunipiga. Aliuchukua mfuko, akaunusa, akauliza, "Kwa hiyo chakula changu hakikufanya kitu?" Kungwi alitema mate karibu na mguu wangu, akatoka. Ana haki.

Wanaume wakamfunga Mwajuma kwenye kitanda cha kamba wakamteremsha mpaka barabarani. Mabega yaleyale ya Jumamosi iliyopita. Hakuna aliyesema ni mzito.

Daktari ni kijana mdogo kuliko mimi. Alivitazama vidonge akakunja uso. Kasema mwili una dawa kama hiyo unayojitengenezea wenyewe. Ukiletewa ya nje kila siku, unaacha kutengeneza yake. Halafu mtu anakuja kukata ghafla, na mwili unabaki mikono mitupu. "Nani alimwambia aache vyote kwa siku moja?"

Mimi.

"Na nani alimpa?"

Mimi.

Hakuandika jina langu popote. Alimwekea dripu.

Jumanne, 5 Agosti

Kafumbua macho. Kanywa uji nusu kikombe. Bibi yuko upande wa pili wa kitanda tangu jana. Anamkanda miguu.

Nilikwenda nje nyuma ya jiko la hospitali nikalia mpaka mama mmoja akanipa pole ya msiba.

Jumatatu, 15 Septemba

Kola nne, zipu mbili. Mvua hakuna.

Mwajuma anakaa kwangu sasa, karibu na kliniki. Dawa ya hospitali ni ndugu wa ileile niliyompa, ndivyo daktari alivyosema, ila hii inapunguzwa polepole mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Kimoja kila asubuhi. Pakiti naishika mimi.

Uso umeanza kurudi kuwa wake. Shingo ya Mama imeonekana tena. Jana jirani alisimama hapa kibarazani, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Mbona umepukutika hivyo, mwanangu, unaumwa nini?" Mwajuma aliingia ndani, hakula.

Asubuhi hii nimemwekea kidonge kiganjani na kikombe cha maji. Kakimeza. Hakuufunga mkono.

"Dada, nipe viwili."