Sirudi, kwa Sauti

Jumamosi, 4 Julai 1953
Nimeshinda uani kwa Bi Mwanamvua. Baba anajua nilikwenda kusuka ukili wa mikeka. Ni kweli, nilisuka. Tulikuwa wanne, sote tuliokimbia vipigo vya waume, ingawa hilo halisemwi mlangoni. Mtu anakaa, anachukua miyaa yake, anasuka, mara anaanza kusema. Zubeda alisimulia habari ya mchi wa kinu kama anayeeleza mapishi ya maharage. Hakuna aliyelia. Bi Mwanamvua aliuliza tu, bega lipi? Akachukua mafuta ya nazi, akaanza kumkanda.

Mimi sijasimulia. Nina miezi mitano sasa kwa Baba hapa Kisarawe, na nimewaambia jino lilitoka lenyewe.

Jumatatu, 6 Julai
Mume wangu Kitwana ametuma mtu kutoka Kwala. Ijumaa baada ya sala anakuja na wazee kunichukua. Baba amenunua sukari!

Najua itakavyokuwa. Mzee Pazi, anayesuluhisha ndoa hapa kwetu, atauliza: unarudi kwa mumeo? Mwanamke akinyamaza, amekubali. Fatiha inasomwa, jioni uko njiani na mzigo wako kichwani. Dada yangu Mwamini alinyamaza kwa sababu alikuwa analia. Wakasoma fatiha.

Jumanne, 7 Julai
Nimewaambia wenzangu wa uani yote. Hata jino. Bi Mwanamvua kasema basi tujifunze kukataa. Zubeda akawa Mzee Pazi — akapiga kilemba cha kanga, akakohoa, akauliza kwa madaha. Nikafungua kinywa. Hakuna kitu! Mara sita. Mimi, ninayegombana na wauza samaki!

Nikaona haya, nikasema niacheni. Bi Mwanamvua akasema yeye neno hilo lilimchukua miaka tisa, na mimi nina siku tatu, kwa hiyo nisipoteze wakati kuona haya.

Alhamisi, 9 Julai
Neno limetoka. Dogo, lakini limetoka. Zubeda kasema hata kuku hawajashtuka. Nikarudia. Kuku wakashtuka.

Nina hofu. Nikinyamaza kesho, sidhani kama nitatoka Kwala tena mzima.

Ijumaa, 10 Julai
Wamefika. Kitwana ana kanzu mpya, amempa Baba shikamoo ya adabu kabisa. Mzee wao mmoja kasema yaliyotokea ni hasira za ujana tu. Kitwana ana miaka arobaini na mbili.

Bi Mwanamvua na Zubeda wako jikoni, eti wamekuja kunisaidia chai. Chai ya watu saba haihitaji wapishi watatu, ila Baba hakuuliza.

Niliitwa barazani. Mzee Pazi akauliza. Nikatazama mkeka. Kimya. Nikasikia mtu anasema alhamdulillah, nikaona mikono inaanza kuinuliwa kwa fatiha — nikasema. Sirudi.

Mzee Pazi sikio lake la kushoto ni bovu. Kasema hakusikia, nirudie. Baba kasema nikanywe maji kwanza. Ndiyo maana niko jikoni na penseli, maji nimeyamwaga nusu. Zubeda ananiambia niweke daftari chini, Mwenyezi Mungu hangoji watu waandike. Baba anaita mara ya pili.

Bi Mwanamvua anachungulia mlangoni. Anasema Kitwana amesikia, anataka kuondoka. Ameshavaa kiatu kimoja.