Anauliza Tena Tulikuwa Wapi

Jumatatu, 12 Juni 2023

Veneranda amelazwa. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, ziwa linaonekana kidogo katikati ya mapaa. Anatapika, miguu imevimba, mkojo kidogo sana.

Aliyekuja kuandika maelezo ni mwanafunzi wa uuguzi, Happiness, msichana wa Kasulu. Shikamoo babu, shikamoo bibi – adabu anayo. Kisha maswali. Kilianza nini? Lini? Alikuwa wapi? Na nani? Alikula nini, alikunywa nini, ametumia dawa gani?

Nayafahamu maswali haya. Niliulizwa mpakani mwaka sabini na mbili, kijana niliyetoka Burundi na nguo iliyokuwa mwilini. Meza nyingine, kalamu nyingine, mpangilio uleule.

Nikajibu mimi, si mke wangu. Ilianza Jumamosi. Nyumbani, Rusimbi. Dawa – panadol tu.

Si kweli. Ilianza wiki nzima kabla ya hapo, ng'ambo, Burundi, kwenye msiba wa kaka yake aliyeitwa Januari. Tulipanda gari Mwandiga hadi Manyovu, mpakani, tukavuka kwa njia za miguu bila kibali. Huko tumbo likamsokota. Mama mmoja wa msibani akamletea dawa ya kienyeji ndani ya chupa ya soda. Akanywa asubuhi na jioni mpaka tulipoondoka.

Uraia wa Tanzania hatuna hadi leo. Ikijulikana tulivuka, watasema: kama mnaweza kwenda kuzika, mnaweza kwenda kuishi.

Jumanne, 13 Juni

Amerudi! Maswali yaleyale, ila ameyapindua. Jana aliuliza ilianza lini. Leo: mara ya mwisho bibi kula akashiba ilikuwa lini, na mlikuwa wapi? Ndivyo wanavyofanya. Unaulizwa tena na tena mpaka ujikwae mahali padogo. Sikujikwaa. Tulikuwa Rusimbi.

Marcelina, muuza dagaa wa Kibirizi, anamuuguza dada yake kitanda cha jirani – mdomo haupumziki. Akacheka. Mzee, unahojiwa kama mwizi wa nyavu! Kiri tu, wakupe na uji!

Sikucheka. Yeye naye kwa nini anasikiliza?

Halafu Happiness akaniomba nitoke, amsikie mgonjwa mwenyewe. Nikasimama mlangoni. Akamsalimu kwa Kiha – mwakeye, mama – na Veneranda akatabasamu, mara ya kwanza tangu Manyovu. Tabasamu lile liliniogopesha kuliko maswali. Kiha na Kirundi ni ndugu. Mtu aliyekaa ugenini miaka yote hii, akisikia lugha inayokaribia ya kwao, hufungua mlango bila kuuliza nani anabisha.

Nikaingia. Nikasema mgonjwa amechoka. Msichana akafunika kalamu yake. Babu, mimi si askari, akasema.

Nani alimtajia askari?

Jumatano, 14 Juni

Happiness haonekani. Kaenda kupeleka maelezo wapi?

Kuna mwanaume mwenye koti la kaki kwenye korido, kutwa anaongea na simu na kunitupia macho. Baadaye nikaambiwa ni fundi bomba. Huenda.

Mkojo wa leo haukufunika hata chini ya kopo.

Alhamisi, 15 Juni

Wamekuja kundi zima: wanafunzi, mwalimu wao Madam Dorotea, na daktari. Happiness akasimama kando ya kitanda akasoma historia ya ugonjwa wa sasa. Maneno yangu! Jumamosi, Rusimbi, panadol. Yamenyooshwa, yana mtiririko. Nimesoma vitabu vingi maishani. Sikuwahi kuusikia uongo wangu ukisomwa kwa sauti nzuri hivyo.

Madam akasema imepangika vizuri. Mbona basi umenuna? Happiness akajibu polepole: imepangika, Madam, lakini haifanani na mgonjwa.

Wengine wakaguna. Madam hakuguna. Akamwambia arudi akaulize upya. Historia haipikwi mezani, mwanangu.

Daktari alisema na mimi pembeni. Figo zinashindwa. Asipojua kilichoziumiza anatibu gizani. Zikizidi kuchoka itabidi mgonjwa apelekwe mbali, kwenye mashine ya kusafisha damu – akiweza kuimaliza safari.

Walipoondoka Veneranda akanivuta mkono. Sauti imebaki kidogo. Baba Elikana, unalinda karatasi ambazo hata hatunazo.

Nikamwambia anyamaze, Marcelina anasikia.

Asikie! Ile chupa nimeinywa mimi, si wewe.

Kisha akageukia ukutani. Sijui alisinzia au amenikasirikia. Miaka yote amesema nilichomwambia aseme. Hata leo, angetaka, angemwambia msichana mwenyewe. Ananingoja mimi.

Ijumaa, 16 Juni

Asubuhi nimemwita, akaniita Januari.

Nikamtafuta msichana. Alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, anakula andazi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: msiba, Manyovu, njia tulizopita, chupa. Hata jina la kijiji nilitaja. Nikangoja aandike.

Hakuandika. Babu, kijiji cha nini? akasema, andazi mdomoni. Mimi nataka hiyo dawa. Ilikuwa majani? Mizizi? Iliandaliwaje?

Sijui! Sikuuliza. Katika safari ile nilijitahidi nisijue majina ya watu wala vitu, ili nikiulizwa nisiwe na cha kutaja.

Anayeweza kujua ni Isaka, mtoto wa marehemu. Namba yake ninayo. Sijawahi kuipiga kwa simu yangu. Simu zinasikilizwa, nimewafundisha hivyo hata wanangu. Happiness akaninyooshea yake. Tumia hii babu, imesajiliwa kwa jina langu.

Ama ni wema, ama ndivyo mtego unavyofungwa, kwa mkono wa mtu mwenye adabu. Hata sasa ninapoandika sijui. Nikamrudishia. Nimepiga kwa yangu.

Haikupokelewa. Nimepiga tena. Happiness ameketi kando yangu, kalamu wazi, ukurasa mtupu. Ndani ya wodi Marcelina anaita nesi, anaita kwa nguvu, na safari hii hafanyi mzaha. Msichana ameinuka. Ananitazama, anaitazama simu sikioni mwangu. Uliza na rangi ya hiyo dawa, babu, anasema, kisha anakimbia ndani.

Inaita.