Madoa ya Lusajo

Tumpe, mdogo wangu,

Mama amejifungua mvulana. Tumemwita Lusajo. Nyumba yetu hapa Ngana ilikuwa imeanza kucheka tena tangu tukuzike. Sasa imenyamaza.

Wiki iliyopita mama alimlaza kwenye kivuli cha mgomba tukipalilia mpunga. Kivuli kikasogea. Haikuwa muda mrefu, lakini jioni mashavu yake yalikuwa mekundu kama yamemwagiwa maji ya moto, na wekundu haukutoka kesho yake wala keshokutwa. Leo nikimwogesha nimeona madoa madogo meusi puani. Unayajua, Tumpe. Hata wewe yalianzia puani.

Mama anasema ni joto. Baba anawahi tu kwenye shamba la kakao. Majirani wamerudia yale maneno yao ya kurogwa.

Namkumbuka yule daktari wa Mbeya. Ulikuwa umejifunika khanga yangu mpaka machoni, ukamuuliza kwa nini wewe tu. Hakukuficha. Alisema jua huharibu vinasaba vya kila mtu, kila siku, ila ndani ya seli kuna protini zinazosaidiana: moja hupaona palipoharibika na kuziita nyingine, hizo hufungua uzi wa vinasaba na kukata kipande kibovu, nyingine hujaza pengo na kuunga. Kwako moja ilikuwa na hitilafu. Kazi ikakwama, na seli ilipojigawa ikanakili kosa lile pamoja na mengine, mpaka ukaja uvimbe.

Ukacheka, wewe. "Kumbe fundi mmoja tu hakufika kazini."

Daktari hakucheka. Alisema baba na mama wamebeba hitilafu hiyo kila mmoja, lakini wao haiwadhuru. "Mtoto mwingine anaweza kuirithi kwa wote wawili." Mama alitazama sakafu.

Mchana huu nimeziba madirisha kwa magunia. Nikamwambia mama kwamba kesho, kabla hakujapambazuka, nampeleka Lusajo Mbeya. Nilijiandaa kubishana naye. Hakubisha. Alifungua sanduku lako, akatoa ile kofia yako pana, akaiweka juu ya mkoba wangu. Kisha akatoka nje, akakaa peke yake juani.

Sijui tutaambiwa nini. Naogopa kwamba najua.

Ndaga, asante, mdogo wangu, kwa yote uliyotufundisha ukiwa unaumia. Wewe tulikuelewa tumeshachelewa. Huyu, jua halitampata mimi nikiwa hai.

Pumzika.

Dada yako,
Subilaga